Pesa ya simu haimgeuzi mama kitandani

Kazi yangu ni mazoezi tiba, na wengi ninaowahudumia ni wazee waliopata kiharusi. Nakutana nao wodini, kisha nawafuata majumbani wakisharuhusiwa. Nikifika, kabla sijamgusa mgonjwa namtazama anayemuuguza. Kama macho yamemwiva kwa kukosa usingizi na hana wa kumpokea, najua mgonjwa naye atarudi nyuma.

Mzee akipooza, ndugu hukutana haraka. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, kila mmoja anataja mchango wake. Halafu yuko mmoja asiyetajwa kwenye michango kwa kuwa hana mshahara: binti aliyeachika, kitinda mimba ambaye hajaoa, au mke wa kaka anayeishi palepale. Huyo ndiye anayebaki na mama. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza, wala kwa muda gani. Imechukuliwa tu kwamba yeye yupo nyumbani.

Wanaotuma pesa wangeijua kazi yenyewe, nadhani wangepanga vingine. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takriban kila saa mbili, usiku na mchana. Uzito wa mwili ukiibana ngozi juu ya mfupa, damu haipiti na nyama inaanza kufa. Kagua juu ya makalio pale uti wa mgongo unapoishia, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Mara nyingi watu huambiwa watazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Weka kiganja. Ukihisi pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au panabonyea, kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Usipasugue. Usimlaze wala kumkalisha juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati. Watu huununua kwa nia njema, lakini ukingo wake huzidi kuibana damu. Muondolee uzito sehemu hiyo. Kwa kisigino, weka mto chini ya shavu la mguu, chenyewe kibaki hewani.

Kumnyanyua nako kuna namna yake. Bega la upande uliopooza limepoteza misuli ya kulishikilia, kwa hiyo ukimvuta mama kwa mkono ule kiungo kinaanza kuachia, na maumivu yake hukaa miezi. Mfunge kitenge kilichokunjwa vizuri kiunoni, ushike hapo. Nyayo zake zikanyage sakafu, goti lako lizuie goti lake dhaifu, ainamie mbele kwanza, ndipo mwinuke pamoja. Hivyo hata mgongo wako unasalimika.

Wakati wa kula akae wima, na abaki wima karibu nusu saa baada ya kumaliza. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikawa kama ina maji kooni, chakula kinakwenda njia ya hewa. Rudini hospitali apimwe namna anavyomeza, kabla nimonia haijaingia.

Kuna na jambo la aibu, ambalo vikaoni halisemwi. Kijana wa kiume anaona vigumu kumwogesha mama yake, na baba anaona heri alale na uchafu kuliko kuvuliwa na binti yake. Nimewaona wazee wanaopunguza kunywa maji kwa makusudi ili wasisumbue mtu kwenda chooni. Matokeo yake ni choo kigumu, mkojo mchache wenye harufu kali, na siku moja mzee anaanza kuongea asiyoyajua. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msimsingizie uzee na msimtafute mchawi. Mpelekeni siku hiyohiyo. Mara nyingi ni maambukizi au upungufu wa maji.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wenye miaka 70 na zaidi. Pesa hizo zina msaada wake, kama ilivyo michango ya ndugu, lakini haziamki saa nane za usiku.

Inaniuma ninaposikia ndugu aliyekuja kwa sikukuu akisema dada anamkaripia mama. Huenda ni kweli, na mama hastahili kukaripiwa. Lakini anayelala vipandevipande mwezi mzima, subira humwisha. Kikao kigawe usiku kabla ya kugawa pesa. Nani analala na mama Ijumaa na Jumamosi? Kaka aliye Mwanza achukue likizo yake aje ampokee dada. Aliye Muscat alipie mtu wa zamu ya usiku, na mtu huyo afundishwe kazi kwanza. Msimwachie dada wa kazi ambaye tayari anapika, anafua na kulea watoto.

Na siku ya kuruhusiwa, waje wodini watu wawili watakaomshika kwa mikono yao, si mwenye gari na mwenye kulipa bili tu. Mwombeni muuguzi au mtaalamu wa mazoezi tiba awaonyeshe kugeuza, kulisha na kuhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kisha fanyeni wenyewe akiwatazama, na msiondoke kabla hajawasahihisha.