Fonti za mabango: ni nini, na uchangamfu wake hutoka wapi

Fonti ni seti ya herufi zenye mtindo mmoja. Ya bango huchorwa kwa ajili ya maneno machache yanayosomwa yakiwa makubwa: jina la duka, kichwa cha gazeti, jalada la kitabu, ubavu wa daladala. Fonti ya matini husomwa kwa pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi) 9 hadi 12, ukurasa baada ya ukurasa, na inafaa pale msomaji anapoisahau. Ya bango huanza kufaa kwenye pointi 24 hivi. Ukiishusha hadi 10, matundu ya a na e huziba, maneno yakawa madoa.

Zile changamfu ni tawi la jamii hiyo, na ndizo zinazoharibiwa zaidi, kwa sababu wengi hudhani uchangamfu ni kupinda herufi ovyo. Fonti changamfu iliyo nzuri hubeba alama ya kitu kimoja kinachoshikika: brashi, kisu, bati, kalamu ya mchora vibonzo.

Mtazame Roger Excoffon wa Ufaransa. Banco yake ya 1951 inaonekana kama vipande vya bati vilivyokatwa na kukunjwa. Mistral, ya 1953, aliitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe. Wakati huo kila herufi ya kuchapia ilikuwa kipande cha peke yake cha madini ya risasi, lakini za Mistral zilishikana kama zimeandikwa kwa mkono. Ili zikutane, mkia unaotoka kulia lazima ufike kimo kilekile ambapo herufi inayofuata inaanzia, na hilo litimie kwa kila jozi. Fonti nyingi za kuiga mwandiko hukatika hapo hapo.

Cooper Black, ya Oswald Cooper wa Chicago, ilitoka mwaka 1922. Haina kona kali: ncha zake zimeviringwa, nyayo za herufi zimebinuka badala ya kulala bapa, na tundu la o limeinama kushoto. Ndiyo maana inaonekana kama andazi lililoumuka. Comic Sans nayo ilianza mwaka 1994, Vincent Connare alipomwona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft akisema kwa Times New Roman, fonti ya matini. Akaenda kutazama herufi za vitabu vya vibonzo. Kwa kiputo cha maneno ya mbwa, lilikuwa jibu sahihi. Lawama inazopata zinatokana na kuibandika kwenye matangazo ya msiba.

Neuland inahitaji tahadhari. Rudolf Koch aliichonga Ujerumani mwaka 1923, moja kwa moja kwenye chuma bila kuchora kwanza, na ukali wake umetoka kwenye uchongaji huo. Baadaye wachapishaji wa Magharibi wakaifanya vazi la kila kitu “cha Kiafrika”. Haina asili yoyote huku kwetu.

Anayetaka chanzo cha pwani atazame jina la kanga. Maneno hayo, ambayo zamani yaliandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, hukaa kwenye kisanduku chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Methali ikiwa ndefu herufi hubanwa, ikiwa fupi hutanuliwa. Wengi hukimbilia maua ya pindo. Mimi ningechukua tabia hiyo ya kujibana na kujitanua, nikachora upana wa aina tatu au nne wenye unene mmoja.

Ukishapata chanzo, chagua vurugu moja tu. Herufi zikirukaruka juu na chini ya mstari, unene usibadilike. Za duara, kama O, zizidi mistari ya juu na chini kwa asilimia 1 hadi 2 ya kimo. Zikilingana kamili na H huonekana ndogo.

Kisha jaribu kwa maneno ya Kiswahili. Andika “maandazi”: a tatu, mbili zikifuatana. Zikiwa na mkwaruzo uleule, jicho linagundua mara moja kwamba ni mashine, si mkono. Chora a mbili au tatu tofauti na uiamuru fonti izibadilishe yenyewe zinapokaribiana. Andika “WATU” na “KWA YA”, usogeze W na A, Y na A hadi pengo liishe. Malizia na “ng'ombe”. Kikato hicho (') kikiachiwa nafasi ya kawaida, neno hupasuka vipande viwili, ng na ombe. Kisogeze juu ya bega la g, na hakikisha hakigusi o.