Kocha wa raga ya kimataifa huitwa bora kwa lipi?

Katika raga ya wachezaji 15, kocha wa timu ya taifa hupimwa kwanza kwa mambo mawili: ameshinda mechi ngapi za kimataifa kati ya alizosimamia, na je, amewahi kutwaa Kombe la Dunia, linaloandaliwa kila baada ya miaka minne tangu 1987? Vipimo hivi hutumiwa na kila mtu, ila mara nyingi hupingana.

Graham Henry alishika mikoba ya New Zealand mwaka 2004. Kufikia 2011 alikuwa ameshinda mechi 88 kati ya 103. Hata hivyo, mwaka 2007 All Blacks, yaani timu ya New Zealand, walibanduliwa na Ufaransa 20-18 katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Cardiff, na wengi walitarajia kibarua chake kiote nyasi. Chama kikambakiza, naye akatwaa kombe mwaka 2011 kwa kuilaza Ufaransa hiyo hiyo 8-7. Pointi moja ingeenda upande wa pili, leo angetajwa kama kocha aliyeshindwa mara mbili. Msaidizi wake, Steve Hansen, alirithi kiti, akashinda 93 kati ya 107 na kutwaa kombe la 2015.

Takwimu za kutisha hizo, lakini All Blacks huwashinda wapinzani wao wengi hata kocha awe nani. Anayekabidhiwa New Zealand na anayekabidhiwa Italia hawajapewa kazi moja. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: timu aliikuta wapi, na akaiacha wapi?

Kwa kipimo hicho, Eddie Jones ana haki ya kutajwa kwa kazi aliyoifanya Japani. Kabla ya 2015, Japani ilikuwa imeshinda mechi moja tu katika historia yote ya Kombe la Dunia, dhidi ya Zimbabwe mwaka 1991. Tarehe 19 Septemba 2015, mjini Brighton, ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini 32-29 dakika za mwisho kabisa, ikapewa penalti. Jones, akiwa jukwaani, alitaka wapige mkwaju wa pointi tatu na kuridhika na sare. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu, yaani timu mbili kusukumana zikigombea mpira. Mpira ukazungushwa hadi pembeni, Karne Hesketh akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani kwa pointi tano, 34-32. Ushindi mkubwa kuliko wote wa kocha huyo ulitokana na wachezaji kumkaidi! Lakini ni yeye aliyewafundisha kwamba Afrika Kusini inafungika. Mwaka 2023 Jones huyo huyo aliiongoza Australia, ambayo kwa mara ya kwanza ilitolewa katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Ubora wa kocha hauhami naye kama sanduku la nguo.

Rassie Erasmus ametimiza vipimo vyote. Springboks, yaani timu ya Afrika Kusini, aliowapokea mwaka 2018 walikuwa wametoka kuchapwa 57-0 na New Zealand mwaka uliotangulia. Alimpa Siya Kolisi unahodha, na Novemba 2019 wakailaza Uingereza 32-12 katika fainali mjini Yokohama. Alibadilisha pia matumizi ya benchi. Timu huwa na wachezaji wanane wa akiba, na kwa kawaida watano huwa wa safu ya mbele. Erasmus akaweka sita, ili mabavu mapya yaingie kipindi cha pili wapinzani wakiwa hoi. Katika fainali ya 2023 walikuwa saba, wakabakiwa na mmoja tu wa safu ya nyuma. Wakashinda 12-11, pointi zote zikitoka mguuni mwa Handré Pollard. Kwenye karatasi, kocha mkuu siku hiyo alikuwa Jacques Nienaber, naye Erasmus akiwa mkurugenzi wa raga. Kombe hilo uliandike kwa jina la nani? Mimi ningewaandikia wote wawili.

Jambo jingine: hadi 2023, hakuna kocha mgeni aliyewahi kutwaa Kombe la Dunia la wanaume. Wote waliolitwaa walizifundisha nchi zao. Hata Kenya, ilipotwaa taji lake la kwanza katika msururu wa dunia wa wachezaji saba kila upande, Singapore 2016, kwa kuinyuka Fiji 30-7, kocha wake alikuwa Mkenya, Benjamin Ayimba.