Betri Haina Cha Kuzoea

Mteja aliniletea simu ambayo haijafikisha mwaka na nusu. Ikishuka mpaka asilimia 30 inazima ghafla, kama kibatari kilichopulizwa. Nikamuuliza huwa anaichaji vipi. Akajinyoosha kidogo: "Fundi, mimi simu yangu naitunza. Siichomeki mpaka izime yenyewe."

Nikaweka bisibisi chini. Huyo alikuwa wa nne tangu asubuhi, na wote wanne walifundishwa hayo na mtu wanayemwamini. Mmoja alifundishwa na kaka yake, mwingine na muuzaji aliyemfungulia boksi la simu siku ya kwanza. Naandika haya ili nipumzishe mdomo. Atakayeuliza tena nitampa asome.

"Iache iishe kabisa ndipo uchaji, la sivyo betri itazoea"

Ushauri huu haukuzuka hewani. Ulikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe alishaondoka. Betri za nikeli na kadmi, alizobuni Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, kweli zilikuwa na tabia ya kukumbuka. Ukizichaji tena na tena zikiwa zimefika kiwango kilekile, volti zake huanza kushuka mapema pale pale ulipozoea kuzichomeka, na kifaa kikadhani chaji imekwisha. Simu za mkononi za mwanzo, redio za upepo, kamera za video na drili zisizo na waya zilibeba betri hizo. Aliyekuwa na kifaa cha aina hiyo akikiacha kiishe mara mojamoja, alikuwa anafanya jambo la maana.

Mwaka 1991 Sony wakaingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni, na hiyo ndiyo iliyo ndani ya simu yako, laptopu yako, saa yako janja na visikizi vyako visivyo na waya. Watu watatu waliochangia kuizaa, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kadmi haimo humo. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani chembe zenye umeme, zinatoka upande mmoja na kwenda kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti upande wa pili. Unapotumia simu zinarudi zilikotoka. Hakuna kumbukumbu ya kukusumbua hapo.

Kinachoichosha betri ya namna hii ni kupelekwa mwisho wa kila upande. Ioni zinapoingia kwenye grafiti, grafiti hutanuka, zikitoka, hunywea. Juu ya grafiti kuna utando mwembamba unaoilinda. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, toka sifuri mpaka mia, ndivyo utando huo unavyopasuka zaidi. Kila unapojiziba hula lithiamu kidogo, na lithiamu iliyoliwa hairudi. Kule juu nako, volti zikikaa kwenye 4.2 au zaidi kwa muda mrefu, elektroliti, yaani kimiminika ambamo ioni hupita, huharibika polepole. Kwa hiyo yule anayesubiri simu izime ndipo aijaze mpaka mia anaipa betri safari ndefu kuliko zote, kila siku, huku akiamini anaitunza.

Kuna wajuaji huniambia: "Lakini fundi, sifuri ya kwenye skrini si sifuri halisi." Kweli kabisa. Simu hujizima ikiwa na akiba kidogo, kwa kuwa volti za seli ya lithiamu zikishuka chini mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji baada ya hapo unaweza kuzaa shoti ndani ya seli. Tatizo ni ile simu iliyozima ikatupwa kwenye droo. Betri huendelea kuvuja taratibu hata simu ikiwa imezimwa, ile akiba inaisha, na siku unapoikumbuka saketi ya ulinzi inakataa kupokea chaji. Hapo unaniletea ukisema "haikuwa na shida yoyote nilipoiweka". Simu au tableti unayoiweka kando iache kwenye nusu, izime, na uitazame kila baada ya miezi sita. Laiti kila mtu angefanya hili moja tu, nusu ya droo yangu ya simu maiti ingekuwa tupu.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni mzunguko wa chaji. Wengi hudhani kila ukichomeka umehesabiwa mmoja, kwa hiyo wanabana kuchomeka. Sivyo. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika. Ukitumia 50 leo ukajaza, na 50 kesho ukajaza, umemaliza mmoja. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1000. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 2025, unadai simu janja zinazoingizwa sokoni kwake zivumilie angalau mizunguko 800 kabla ya kushuka chini ya kiwango hicho. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehesabu umechomeka mara ngapi.

Halafu joto. Hili ndilo muuaji ambaye hakuna anayenitajia. Simu iliyowekwa chini ya mto ikichaji, simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, simu yenye kava nene inayochezewa gemu huku ikichaji: hizo ndizo huja mezani kwangu betri imevimba na skrini imeinuliwa kama kifuniko cha sufuria. Kava ukiligusa likawa la moto wakati wa kuchaji, livue. Betri iliyojaa na yenye joto kwa pamoja huzeeka haraka kuliko yenye moja tu kati ya hayo mawili.

Kuchaji usiku kucha? Simu hairipuki kwa kujaa kupita kiasi, maana IC ya chaji, yaani chipu inayoisimamia, hukata yenyewe ikifika mia. Kinachoumiza ni zile saa za kukaa mia, hasa ikiwa imefunikwa na shuka. Simu nyingi za sasa zina kipengele cha kuishia asilimia 80 au kuchelewesha kujaa mpaka karibu na muda unaoamka. Kiwashe ulale.

Mimi simu yangu huichomeka ikiwa kwenye 30 au zaidi na kuichomoa karibu na 80, nikipata nafasi. Nisipopata sijali. Sijawahi kuona betri iliyokufa kwa kuchajiwa kidogo kidogo. Kuna hali moja tu ninayomruhusu mteja aiache izime kisha aijaze bila kuikatisha: asilimia zinaporuka, mfano kutoka 40 mpaka 12 kwa dakika mbili, tena betri yenyewe ikiwa bado nzima. Hapo anakirekebisha kipimo. Betri haipati faida yoyote.

Basi yule bwana nikamwekea betri mpya. Akainuka, akafika mlangoni, akageuka: "Kwa hiyo niichaji saa nane kwanza kabla ya kuiwasha?" Hapana, ndugu yangu. Hilo nalo ni la enzi za nikeli. Betri ya lithiamu hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi, kwa usalama na isife ghalani. Iwashe uitumie.

"Chaja ya wati nyingi itaiunguza simu"

Simu ndiyo inayoamua ipokee kiasi gani. Chaja ya USB huanza na volti 5, kisha kama pande zote mbili zinajua mfumo wa kuchaji haraka, zinaelewana. Kuna chaja na nyaya za aina ya C zinazofika wati 240, na bado simu inayohitaji wati 18 huchukua 18 zake. Tumia chaja ya laptopu bila hofu. Unayopaswa kuiogopa ni chaja bandia, nyepesi kama ganda la yai, ambayo ndani umeme wa ukutani na umeme wa simu vimetenganishwa na nafasi isiyozidi unene wa kadi. Nimezifungua nyingi.

"Pawabanki yangu ni mAh 50000"

Nipe niishike kwanza. Hiyo mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba. Seli zinazopatikana humo mara nyingi ni 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zile nzuri kabisa za ukubwa huo hubeba mAh 3500 hivi, na kila moja ina uzito unaokaribia gramu 50. Ili ufike 50000 unahitaji seli kama 15, yaani karibu robo tatu ya kilo kabla hujahesabu kasha. Sasa hiyo yako inaingia kwenye mfuko wa shati. Niliwahi kufungua moja ya namna hiyo nikakuta seli moja na kifuko cha mchanga.

Hata pawabanki ya kweli haikupi namba iliyoandikwa juu yake. mAh 10000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, ambazo ni wati-saa 37. Zikipandishwa kuwa volti 5 zinabaki 7400, na sehemu nyingine inapotea kuwa joto njiani. Simu yenye betri ya mAh 5000 utaijaza mara moja na nusu hivi, si mara mbili. Soma wati-saa, ndizo hata mashirika ya ndege husoma: mpaka 100 unaingia nayo ndani ya ndege bila kuomba ruhusa, kwenye begi la mkononi tu. Hiyo ya 50000, kama ingekuwa ya kweli, ingekuwa wati-saa 185.

"Kiboksi hiki ukikichomeka ukutani bili ya umeme inashuka nusu"

Ndani yake kuna kapasita, vipinga viwili vitatu na taa ya LED. Kapasita hupunguza mpishano kati ya volti na mkondo, jambo ambalo viwanda vyenye mota kubwa hutozwa. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa ulizotumia kweli, na kapasita haizigusi. Ile taa ndogo, hata hivyo, inatumia umeme.

"Simu ikiingia maji, itie kwenye mchele"

Mchele haunyonyi maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati kwenye bodi. Mwaka 2024 Apple waliandika wazi kwamba usiitie simu kwenye mchele, kwani chembechembe zake zinaweza kuiharibu. Mimi nachukia zaidi muda unaopotea. Wakati umekaa siku tatu ukisubiri, chumvi na madini yaliyokuja na maji yanakula miguu ya IC. Izime mara moja, usiichomeke hata "kujaribu kidogo", toa laini, igeuze tundu la chaji litazame chini, uipige-pige taratibu, kisha ikae penye upepo huku ukitafuta fundi wa kuifungua na kuisafisha kwa alkoholi. Usitumie mashine ya kukausha nywele.

Na usiniambie ni IP68, ile alama ya simu kuzuia maji na vumbi. Kipimo hicho hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Gundi ya kuzuia maji huchoka, na simu iliyowahi kudondoka au kufunguliwa haina tena ahadi hiyo. Maji ya bahari na ya sabuni hayakuwamo kwenye mtihani.

"Nafunga programu zote kila mara ili chaji idumu"

Unajisumbua. Android na iOS huzigandisha programu usizozitumia. Ukizifunga, kuzifungua upya toka mwanzo hula chaji zaidi. Punguza mwanga wa skrini, na ukiwa mahali mtandao unapokamatika kwa taabu weka hali ya ndege, maana hapo simu inapiga kelele kutafuta mnara.

"Saa hii inapima sukari bila kuchoma kidole"

Hili si la kazi yangu, ila saa huletwa kwangu "nirekebishe kipimo", kwa hiyo nitalisema. Mwanga wa kijani ulio chini ya saa janja husoma jinsi damu inavyopita kwenye ngozi, na kwa mapigo ya moyo unafanya kazi vizuri. Sukari ni habari nyingine. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna vihisi halali vinavyobandikwa mkononi vyenye kisindano kinachoingia chini ya ngozi, na hivyo vinaweza kutuma namba kwenye saa yako. Hapo saa ni skrini tu. Ile ya bei rahisi inayodai kufanya yote kwa mwanga hubuni namba. Nimewahi kuifunga moja kwenye mguu wa meza ikanionyesha 5.6. Kama unajidunga insulini, dozi yako usiipange kwa saa hiyo hata siku moja. Tumia tone la damu au kihisi alichokuandikia daktari.