Si Kila Kukohoa ni Pampu: Dhana Potofu Kuhusu Mafuta Katika Gari la Turbo Lililoongezwa Nguvu

Ukipita kwenye gereji za Nakuru siku ya Ijumaa jioni, hutakosa Subaru iliyofunuliwa boneti, vijana wanne wameinamia injini, na wa tano yuko kando na simu akiulizia bei ya pampu. Turbo imebadilishwa, ekzosti imepanuliwa, programu ya kompyuta ya gari imeandikwa upya, na sasa kila likikanyagwa kupita raundi 4,000 kwa dakika linakohoa na kukosa nguvu. Hukumu imeshatolewa kabla ya kipimo chochote: "Mafuta haifiki." Huenda ni kweli. Lakini kati ya mafuta kutofika na pampu kuwa mbovu kuna safari ndefu, na wengi huilipia nauli kabla ya kujua wanakoenda.

"Ukiwasha na kuisikia pampu inalia, ujue iko sawa"

Mlio unakuambia kwamba mota inazunguka. Basi. Haukuambii inasukuma mafuta kiasi gani, wala kwa presha gani, wala kama presha hiyo itasimama turbo ikianza kujaza.

Kitu ambacho injekta, yaani pua inayonyunyizia injini petroli, inakijali ni tofauti ya presha kati ya reli ya mafuta (bomba linalozilisha injekta) na manifoldi inakomwagia (njia ya hewa ya kuingia injini). Kwenye injini nyingi za turbo za Japani tunazoendesha huku, kama EJ20 za Subaru au 1JZ ya Toyota, presha ya msingi ni takriban psi 43 ukichomoa mpira wa vakyumu (unyonyaji wa manifoldi) wa regulata, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Turbo ikisukuma hewa ya psi 15 ndani ya manifoldi, regulata inapaswa kupandisha mafuta kwa psi 15 hizo hizo, geji isome 58. Ikisoma 58, injekta bado inaona tofauti ya 43 na inamwaga kama kawaida. Ikisoma 48, tofauti iliyobaki ni 33 tu.

Hapo watu husema, "Psi 10 ni nini?" Mtiririko wa injekta hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hivyo kutoka 43 hadi 33 unapoteza karibu asilimia 12 ya mafuta. Gari lililokuwa na uwiano wa hewa na mafuta wa 11.5 linaingia 13.1 ukiwa umekanyaga hadi mwisho, na namba ikipanda maana yake petroli imepungua. Kwa injini iliyoongezwa busti, yaani presha ya hewa ya turbo, hiyo ndiyo njia ya kutoboa pistoni.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza ni kufunga geji ya presha kati ya filta na reli, mpira wake uwe mrefu wa kutosha kuibandika geji kwenye kioo cha mbele, kwa nje. Kwa nje, narudia: petroli yenye presha haiingii ndani ya kabini. Kisha gia ya tatu, kanyaga, mwenzako asome geji ya mafuta na geji ya busti kwa pamoja. Kama unaweza kufanyia kwenye dino, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa halitoki mahali, bora zaidi. Barabara ya Salgaa yenye malori si mahali pa majaribio. Na gari lenye sindano ya moja kwa moja, linalomwaga petroli ndani ya silinda yenyewe, kama Golf GTI au Forester mpya za turbo, lina pampu ya pili ya presha kubwa inayoweza kupita bar 100. Hilo linasomwa kwa skana. Usilifungie geji ya kawaida upande huo.

"Presha imeshuka, basi nunua pampu kubwa"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Presha imeshuka, ndiyo. Swali ni nani kaiangusha.

Anza na umeme. Pampu ni mota, na mota ikipungukiwa volti inapunguza kazi. Pima betri injini ikiwaka, utapata kama volti 14. Sasa ingiza vichokoo vya mita nyuma ya plagi ya pampu, juu ya tangi, gari likiwa linafanya kazi nzito. Ukikuta 11.5 huko, volti mbili na nusu zimepotelea kwenye waya mwembamba wa kiwandani, rilei (swichi ya umeme) iliyochoka, au nati ya waya wa chini (athi) iliyoliwa na kutu. Pampu kubwa hula ampia nyingi zaidi, kwa hivyo ukiifunga kwenye waya huo huo volti zitazidi kushuka. Watu wamefunga pampu ya lita 255 kwa saa na kupata mafuta yale yale waliyokuwa nayo. Dawa ni waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake, rilei yake, na waya wa zamani ubaki wa kuamuru rilei tu.

Kisha fungua tangi. Kuna kipande cha mpira, pengine hakifiki hata urefu wa kidole, kinachounganisha pampu na bomba la kutokea. Kiangalie kwa makini kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa petroli ipite ndani yake, haukutengenezwa kuzamishwa. Ukiulaza ndani ya tangi, ngozi ya nje inalainika, unavimba, kisha unapasuka ufa mwembamba sana. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, ufa umejifunga na presha iko sawa. Busti ikipanda, ufa unafunguka na mafuta yanamwagika kurudi ndani ya tangi lile lile. Hutaona tone chini ya gari. Mpira wa kuzamishwa huuzwa kwa alama ya 30R10, ni ghali kwa kipande kidogo vile, na fundi akikuambia "huu mwingine ni sawa tu" mwambie aweke wake kwenye gari lake.

Chujio la mguuni mwa pampu na filta kuu ni za kuangalia haraka: zikiwa nyeusi, badilisha. Regulata ichunguze kwa kuchomoa mpira wake wa vakyumu. Ukinusa au kuona petroli ndani ya mpira huo, ngozi ya regulata imetoboka.

Tena pampu kubwa ina shida yake. Regulata na bomba la kurudishia vya kiwandani vinaweza kushindwa kurudisha mafuta yote hayo injini ikiwa imetulia, presha ikapanda yenyewe, na gari likaanza kunuka petroli kwenye foleni.

"Geji ya AFR imeruka juu, mafuta hayatoshi"

AFR ni ule uwiano wa hewa na mafuta, lakini sensa ya ekzosti inayoupima haioni petroli. Inaona oksijeni iliyobaki. Silinda ikimisi, yaani ikikosa kuwaka, hewa yake yote inatoka bila kuungua, sensa inakuta oksijeni tele, na geji inakuambia mafuta ni machache hata kama petroli ilimwagwa ya kutosha kabisa.

Na ukiongeza busti, kumisi ni jambo la kutarajia, kwa sababu cheche inapata taabu kuruka katikati ya hewa iliyobanwa. Plagi za cheche zenye pengo la kiwandani la milimita 1.0 au zaidi, ambazo hazikuwa na shida kabla ya kuongeza nguvu, zinaanza kuzimika. Kupunguza pengo hadi karibu milimita 0.7 ni kazi ya saa moja, na kwa Subaru ni saa moja ya kukwaruza mikono. Fanya hivyo kabla hujagusa tangi.

Utazitofautisha hivi. Mafuta yakipungua, namba hupanda polepole na kwa utulivu kadiri raundi zinavyopanda, na geji ya presha huthibitisha. Kumisi hurukaruka, na presha haitikisiki. Kuna na cha tatu: gari linakatwa ghafla kana kwamba umezima swichi, kila mara kwenye busti ile ile. Hiyo ni kompyuta inakata mafuta kwa makusudi kwa kuwa busti imepita kikomo chake.

"Moshi mweusi maana yake injekta ni kubwa mno"

Inawezekana. Lakini kwanza kagua mipira ya intakula. Kwenye gari linalopima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, hewa ikishapimwa imehesabiwa. Ikivujia njiani kabla ya kufika injini, kompyuta bado inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Kibano kilicholegea cha shilingi chache kinatosha kufanya hivyo.

"Kitabu kinasema 34, yangu inasoma 37, regulata ni mbovu"

Hii inawapata sana watu wa huku juu. Hizo ni psi za mafuta injini ikinguruma bila kukanyagwa, mpira wa vakyumu ukiwa mahali pake, na namba za vitabuni na za video zimepimwa usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130, na Timboroa barabara inapita mita 2,700. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, vakyumu ya manifoldi injini ikinguruma inakuwa ndogo, na regulata yenye mpira wake inasoma juu kidogo. Kwa Nakuru tofauti ni kama psi 3, na hakuna kilichoharibika. Watu hulegeza skrubu ya regulata kuishusha, na hapo ndipo wanapojitengenezea upungufu wa mafuta wa kweli.

Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, kisha usome. Namba hiyo ni ile ile Mombasa, Kisumu na Timboroa.

"Taa ya injini haijawaka"

Ukikanyaga mwisho, kompyuta nyingi za zamani hazisikilizi tena sensa ya oksijeni. Zinafuata jedwali la mafuta lililomo ndani yake. Presha inaweza kuanguka na taa isiwake. Yenyewe ikiwaka na msimbo P0171 (mafuta machache kuliko hewa), usidhani ni pampu: uvujaji wa hewa hutoa msimbo huo huo.

"Weka petroli ya bei, shida itaisha"

Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili joto na kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Haiongezi presha kwenye reli wala haizibui injekta iliyoziba. Wasiwasi wa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa una msingi, maana mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya uchakachuaji. Mafuta ya taa hushusha oktani, kwa hivyo dalili yake ni noki, yaani injini kugonga kwa petroli kulipuka vibaya, na kompyuta ikisikia noki hurudisha nyuma muda wa cheche. Geji inasoma 58, AFR iko 11.5, na bado gari ni zito likipanda Mau Summit: hapo pampu usiiguse. Mimina matone ya petroli hiyo kwenye karatasi nyeupe, ngoja ikauke, na ukiona doa la mafuta limebaki, maliza tangi polepole bila busti na ubadilishe kituo.