Muziki Uliopotea wa Tamthilia za Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila ninapotaja muziki wa tamthilia za televisheni za miaka ya 1950 hadi 1970, naulizwa swali lilelile: kama tamthilia ipo, muziki wake umepoteaje? Ndani ya swali hilo mna kosa linalozaa makosa mengine yote, nalo ni kudhani kwamba muziki ni kitu kimoja. Kumbe ni vitatu. Kuna utunzi, ambao hukaa kwenye karatasi za nota. Kuna upigaji, ambao hukaa kwenye kanda iliyorekodiwa studioni. Halafu kuna mchanganyiko, yaani ule muziki tunaousikia ndani ya tamthilia, ukiwa umeshakorogwa na maneno ya waigizaji, nyayo, milango na mvua. Kimoja kinaweza kufa na viwili vikabaki, au viwili vikafa tukabaki na kimoja.

Dhana: Tamthilia ikiwepo, muziki nao upo.

Mfano ulio wazi ni Dudley Simpson, aliyetungia muziki tamthilia ya Doctor Who ya BBC kuanzia 1964 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Vipindi vingi alivyovifanyia kazi vipo hadi leo, vizima, picha na sauti. Kanda za muziki wake, kwa sehemu kubwa, hazipo. Ukitaka kuusikia huna budi kuusikia chini ya mazungumzo, ukipunguzwa mtu anapofungua mdomo na ukikatwa katikati tukio linapobadilika. Mwanamuziki alipiga hadi mwisho, lakini sisi tunasikia nusu. Ndiyo maana mwaka 1993 Heathcliff Blair alitoa albamu ya muziki wa Simpson aliourekodi upya, ule wa enzi ambayo Tom Baker alikuwa mwigizaji mkuu, ingawa tamthilia zenyewe hazikuwa zimepotea.

Kinyume chake pia hutokea. Zaidi ya vipindi 90 vya Doctor Who vya miaka ya 1960 havina picha hadi leo, lakini sauti ya kila kimoja ipo. Haikuokolewa na shirika, iliokolewa na watazamaji waliokaa nyumbani na mashine zao za kanda, wengine wakiweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wenzao wanyamaze. Mimi huwaheshimu sana watu hao. Wengi walikuwa vijana wadogo, na hakuna aliyewaambia kwamba wanachofanya kina thamani.

Dhana: Kanda ziliharibiwa kwa chuki au kwa ujinga.

Ukweli hauna mkosaji mmoja. Kanda ya video ya inchi 2, iliyoingia kazini baada ya kampuni ya Ampex kuonyesha mashine yake mwaka 1956, ilikuwa ghali, na uzuri wake mbele ya wahasibu ulikuwa kwamba inaweza kufutwa na kutumika tena. Mikataba na waigizaji na wanamuziki iliweka mipaka ya kurudia kipindi. Soko la video za nyumbani halikuwepo. Rangi ilipoingia, tamthilia ya nyeusi na nyeupe ilionekana kama gazeti la jana.

Kanda ya muziki ilikuwa dhaifu zaidi ya zote. Ikishachanganywa na sauti nyingine, kazi yake kwa watayarishaji ilikuwa imekwisha. Mtunzi alidhani shirika linaihifadhi, shirika likadhani ni mali ya mtunzi, na mtunza maktaba alihesabu vipindi vilivyokamilika, si vipande vilivyotumika kuvitengeneza.

Dhana: Nota zikipatikana, kazi imekwisha, wapigaji wakae tu wapige.

Natamani ingekuwa hivyo. Kwanza, mara nyingi nota zenyewe ndizo zilizotupwa. Upande wa filamu kuna mkasa unaojulikana wa studio ya MGM ya Hollywood, ambayo karibu na mwaka 1970 iliondoa nota zake za okestra, na miaka mingi baadaye mwongoza okestra Mwingereza, John Wilson, akalazimika kujenga upya mipangilio ya muziki wa filamu za studio hiyo kwa kutumia nota fupi za kinanda zilizosalia, na mengine yote kwa masikio. Pili, hata karatasi ikiwepo, si lazima iseme kilichopigwa. Studioni mwelekezi husema kipande ni kirefu kwa sekunde 4, mtunzi anafuta vipimo viwili vya muziki kwa kalamu au kwa mdomo tu, na mpiga tarumbeta anaambiwa anyamaze. Mabadiliko hayo yamo kwenye kanda, karatasini hayamo.

Tatu, kuna muziki ambao karatasi haikuubeba kabisa. Muziki wa kufungulia Doctor Who ulitungwa na Ron Grainer mwaka 1963, lakini aliyeupa mwili ni Delia Derbyshire katika karakana ya sauti ya BBC iliyokuwa Maida Vale, London. Hakukuwa na sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki cha kubonyeza. Alitumia mashine za kutoa mawimbi ya sauti, uzi mmoja uliokwanyuliwa na mvumo mtupu wa kielektroniki, kisha akakata kanda nota kwa nota na kuiunganisha. Grainer mwenyewe alitaka Derbyshire atambuliwe kama mtunzi mwenza, lakini taratibu za shirika hazikuruhusu. Ukichukua nota za Grainer ukawapa wapiga violini, utapata melodi ile, ila hutapata kile kilichowatia watoto baridi mgongoni. Derbyshire alipofariki mwaka 2001, darini kwake zilikutwa kanda 267, ambazo baadaye zilipelekwa Chuo Kikuu cha Manchester. Kwa muziki wa namna hii kanda ndiyo nota yenyewe.

Dhana: Siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuchomoa muziki mzima kutoka kwenye kipindi.

Programu za kutenganisha sauti zimepiga hatua kubwa na mimi nazitumia. Lakini tuelewe zinachofanya. Tamthilia za wakati ule zilirekodiwa kwa mono: kila kitu katika njia moja. Sauti nzito ya mwanamume na sauti ya chelo hukaa katika masafa yaleyale, kwa sekunde ileile. Programu inapotakiwa kuamua kipi ni cha nani, inakisia. Ikikosea, muziki hutoka na matundu, kama kitambaa kilicholiwa na nondo, au mzimu wa maneno hubaki ukinong'ona ndani ya violini. Tena, kama kipindi kimesalia kwenye filamu ya milimita 16 yenye sauti ya macho, yaani sauti iliyochapwa kama picha pembeni mwa filamu, sauti za juu kabisa zilishakatwa siku nakala ilipotengenezwa. Hakuna programu inayorudisha kisichokuwepo, inaweza tu kubuni kinachofanana nacho.

Kwa hiyo mimi huitumia kama miwani, si kama mkono. Inanisaidia kusikia kwamba pale chini kulikuwa na klarineti mbili badala ya moja, kisha nota naiandika mwenyewe.

Zipo njia za zamani zinazofaa zaidi ya watu wanavyofikiri. Mfululizo uliopigwa kwenye filamu na kuuzwa nchi za lugha nyingine mara nyingi ulikuwa na rekodi ya pekee yenye muziki na vishindo tu, bila maneno, ili waigizaji wa huko waingize sauti zao. Ikipatikana hiyo, nusu ya vita imekwisha. Njia nyingine ni kusaka marudio. Watayarishaji walikuwa na desturi ya kuchukua kipande cha muziki kilichotungiwa kipindi kimoja na kukipachika katika vipindi vingine. Star Trek, mfululizo wa Marekani wa safari za anga wa 1966 hadi 1969, umejaa marudio hayo. Kipande kilichofunikwa na ugomvi wa maneno katika kipindi kimoja huenda kikasikika wazi katika kingine, nahodha akiwa amekaa kimya anatazama nyota. Ukivikusanya hivyo vitatu vinne ukavipanga sambamba, vipimo vinajazana. Nimewahi kutumia jioni sita kwa muziki wa sekunde 40 kwa njia hiyo, na ningefanya tena.

Dhana: Kila kilichosikika kilitungiwa tamthilia hiyo.

Hapana, na hii ni habari njema. Vipindi vingi vilichukua muziki uliokuwepo tayari, mara nyingi kutoka maktaba za muziki wa kukodi. The Quatermass Experiment ya BBC, iliyoonyeshwa moja kwa moja mwaka 1953, ilifunguliwa kwa "Mars", kipande cha okestra cha Gustav Holst. Ule muziki wenye gitaa maarufu linalojirudia, unaofungulia The Twilight Zone, mfululizo wa Marekani wa hadithi za ajabu, ni vipande viwili vifupi vya Marius Constant vilivyotolewa kwenye maktaba ya shirika la televisheni la CBS na kuunganishwa. Hivyo kabla hujaandika nota hata moja, tafuta orodha ya vipande vya muziki ya kipindi, ile iliyojazwa ili watunzi walipwe mirabaha. Huenda unachokililia kiko salama kwenye sahani ya maktaba, kwa jina jingine.

Dhana: Kurekodi upya ni kughushi.

Hapa nina msimamo. Kurekodi upya huokoa utunzi, hakuokoi upigaji, na anayesema hivyo waziwazi hajaghushi kitu. Mwaka 1985 Fred Steiner, ambaye alikuwa miongoni mwa watunzi wa Star Trek, alisimama mbele ya Royal Philharmonic Orchestra na kurekodi upya muziki wa mfululizo huo. Nani angemwambia kwamba anaiga? Joel McNeely alifanya vivyo hivyo kwa muziki ambao Bernard Herrmann aliutungia The Twilight Zone, na masikio ya watu yakapata kusikia jinsi Herrmann alivyokuwa akijenga hofu kwa ala chache mno. Kwa kipindi cha 1963 kuhusu mwanasesere anayezungumza, alitosheka na klarineti ya besi, vinubi na selesta, kinanda kidogo chenye milio ya kengele.

Uchache huo ndio unaonifikisha kwenye kosa ninaloliona mara nyingi. Mtu anapata nafasi ya kurekodi upya, anapata na fedha kidogo, kisha anasema: wakati ule walikuwa na wapigaji wachache kwa sababu ya bajeti, sasa tuwape okestra kamili. Naomba asifanye hivyo. Mtunzi aliyejua kwamba ana wapigaji wachache alitunga kwa wachache. Aliacha nafasi tupu makusudi, akampa mpiga obo mstari ambao violini ishirini zingeuzika. Ukiongeza watu, unatunga upya.

Kasi nayo hupotea kimyakimya. Muziki wa tamthilia ulipigwa kwa kufuata picha, mara nyingi wapigaji wakisikia mlio wa kuhesabu masikioni. Okestra isiyo na picha mbele yake hupenda kupunguza mwendo na kuremba. Weka kipindi kwenye skrini, weka rekodi mpya juu yake. Kama mlango unafungwa kabla ngoma haijalia, rudia. Ukumbi pia ni suala. Studio za televisheni zilikuwa kavu, maikrofoni karibu na ala. Ukirekodi katika ukumbi wenye mwangwi mtamu, nota zitakuwa sahihi lakini chumba kitakuwa si chenyewe.

Tena kurekodi upya hakufungi mlango wa kutafuta. Miaka 27 baada ya Steiner, yaani 2012, kampuni ya La-La Land Records ilitoa rekodi za awali za Star Trek kwenye CD 15. Rekodi mpya ya 1985 haikupoteza maana. Sasa unaweza kusikiliza zote mbili ukajifunza nini kilikuwa cha mtunzi na nini kilikuwa cha wapigaji wa siku ile.

Dhana: Muziki ni wa zamani, hauna mwenyewe.

Una wenyewe wawili: mwenye utunzi na mwenye rekodi. Nchini Uingereza, kwa mfano, hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Ukirekodi upya unaepuka haki ya rekodi ya kwanza, lakini ya utunzi bado ipo palepale, na kuandika nota kwa kusikiliza hakukufanyi mtunzi.

Dhana: Kanda ikishaingizwa kwenye kompyuta, imeokoka.

Kuna kanda zinazokufa siku ya kuchezwa. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya unyevu hewani. Ukizicheza zinanata, zinapiga kelele na kuacha unga wao kwenye mashine. Hizo huokwa kwa joto la karibu nyuzi 50 za selsiasi kwa saa nyingi, kisha hunakiliwa upesi. Lakini kanda ya asetati, aina ya plastiki ya zamani zaidi, usiioke kamwe. Liinue gurudumu la kanda kwenye mwanga: asetati hupitisha mwanga. Ikinuka siki, imeshaanza kuoza na itengwe na nyingine.

Kwa kunakili, mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, ni ubora wa sauti wa angalau kilohezi 48 na biti 24, bila kubana faili. Piga picha boksi, lebo na kila mwandiko wa kalamu uliofifia, kwa kuwa namba moja iliyoandikwa pembeni ndiyo itakayokuambia kipande kilikuwa cha tukio lipi. Na kama unaandika nota kwa kusikiliza, tumia rangi mbili. Mimi naweka nyeusi kwa ninachokisikia na nyekundu kwa ninachokisia, ili kanda yenyewe ikionekana kesho, atakayekuja ajue pa kufuta.