Je, wajua? Kromosomu Y hujiponza kwa akiba yake yenyewe

Mwanamume ana ndevu, ana sauti nzito, na nguvu za kiume hazina mgogoro. Manii yake ukiyatazama ni kama ya mtu mwingine yeyote. Lakini maabara wakiyaweka chini ya darubini hawaoni mbegu hata moja. Wakati huo mkewe keshapimwa mara tatu, na mawifi wameshasema yao.

Inakuwaje? Ndevu na sauti ni kazi ya homoni. Majimaji ya manii nayo kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye korodani, hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya jirani yake. Utengenezaji wa mbegu una jeni zake, na baadhi ziko kwenye mkono mrefu wa kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume, eneo liitwalo AZF. Mwaka 1976 watafiti wa Italia, Luciano Tiepolo na Orsetta Zuffardi, walieleza habari za wanaume 6 wasio na mbegu ambao Y zao zilikatika hapo hapo.

Kromosomu nyingine huwa mbili mbili. Moja ikipata hitilafu, hunakili kwa mwenzake. Y ya mwanamume haina pacha wa kunakili kwake, basi imejiwekea akiba: nakala za jeni zinazotazamana kama mtu na kioo, zikisomeka mbele na nyuma sawa kama neno "ama". Akiba hiyo hiyo ndiyo inayoiponza. Umewahi kunakili ubaoni, neno lile lile likiwa mstari wa pili na wa sita? Jicho huruka, mistari inapotea, na daftari bado linaonekana safi. Ndivyo kinavyorukwa kipande cha AZFc, sehemu mojawapo ya eneo la AZF, chenye herufi za DNA zipatazo milioni 3.5. Mara nyingi hutokea baba anapotengeneza mbegu, ndiyo maana yeye alizaa, lakini mwanawe akakwama.

Kipimo chake ni cha damu, kwa mashine ya PCR, inayonakili vipande vya DNA ili vichunguzwe. Aliyepoteza AZFa, sehemu nyingine ya AZF, yote hana sababu ya kupasuliwa korodani kutafuta mbegu, kwa kuwa hazipatikani. Aliyepoteza AZFc peke yake ana nafasi: kwa takriban nusu yao hupatikana mbegu chache, na moja huingizwa ndani ya yai kwa sindano. Akizaliwa binti, hapewi Y, kwa hiyo hilo halimhusu. Wa kiume ataipokea ilivyo, na pengo lake.