Kaya Moja Inapozisemea Nyingine 499

Wanafunzi wa hisabati huniuliza kama wakiajiriwa katika ofisi ya takwimu ya serikali wataishia kujumlisha namba. Kujumlisha ni kazi ya kompyuta. Kazi yetu ni kupima namba ipi iaminiwe na kwa kiasi gani, na hapo kila walichojifunza kuhusu nadharia ya uwezekano kinahitajika.

Chukua utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Kaya iliyochaguliwa kwa nasibu, 1 kati ya 500, inabeba uzito wa 500: inajisemea yenyewe na kuzisemea nyingine 499 ambazo mdadisi hakuzibishia hodi. Sasa tuseme katika eneo hilo zilipangwa kuhojiwa kaya 20, zikapatikana 16. Mtakwimu anazidisha uzito kwa 20, anagawa kwa 16, anapata 625. Hadi hapo ni hesabu ya shule ya msingi. Ugumu ni huu: je, zile 4 zilizokosekana zinafanana na zile 16? Huenda wenyewe hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kipato chao ni cha namna nyingine kabisa. Ukiwafananisha na waliokutwa nyumbani, umepotosha takwimu ya nchi bila kukosea hesabu hata moja. Kwangu hili ndilo swali zito kuliko yote katika fani hii.

Wazo lenyewe la sampuli lilipiganiwa. Mwaka 1895, Anders Kiær, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Norway, aliwaeleza wenzake mjini Bern kwamba sehemu ya watu inaweza kuwakilisha wote, na wengi wakampinga. Ilikuwa 1934 ndipo mwanahisabati Jerzy Neyman alipoonyesha kwa nini kuchagua kwa nasibu kunashinda kuteua kwa makusudi.

Zipo kazi nyingine: fahirisi za bei (vipimo vya jinsi bei zinavyopanda na kushuka), pato la taifa, makadirio ya idadi ya watu. Ipo pia ya kulinda siri za wahojiwa, ambayo inakua haraka. Katika sensa ya Marekani ya 2020 majedwali yaliongezewa mabadiliko madogo ya nasibu ili mtu asitambulike.

Uwe tayari kusema jambo lisilopendwa. Anayetaka kiwango cha makosa ya sampuli, yaani yale yanayotokana na kuhoji sehemu tu ya watu, kipungue kwa nusu lazima akubali sampuli kubwa mara 4, hata bajeti ikiwa finyu. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014, zinataka mbinu ziamuliwe kwa misingi ya kitaaluma.

Kama bado uko chuoni, soma uchaguzi wa sampuli hata kama si somo la lazima, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, kisha omba kufuatana na wadadisi siku chache. Ukishaketi nje ya mlango uliofungwa kwa mara ya tatu, ukimsubiri mwenye kaya, utazielewa vizuri zile kaya 4.